Kibano cha Mume na Kibano cha Mke

Vijana wangu wa karakana,

Siku mliyoniaga mlinifunga kitenge begani, mkanipa feni na godoro, mkanisifu mpaka nikaanza kuangalia huku na huku kama kuna marehemu. Nawashukuru. Katikati ya sifa hizo mmoja wenu alisimama akaniuliza, "Mama, unatuachia nini?" Nikajibu maneno ya haraka kuhusu bidii na nidhamu, maana pilau lilikuwa linapoa. Lile halikuwa jibu. Jibu nimekaa nalo hapa Korogwe tangu nistaafu, na naona njia ya kulitoa ni kuwasimulia habari za mtu ambaye wengi wenu hamkumkuta.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuja vilivyokuja, na havikuwahi kumkata mtu kiu.

Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge. Babu yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akasema atakaa kidogo arudi kwao, akazikwa hapa hapa. Kambini kwetu ukuta mmoja ulisikia adhana na wa pili ulisikia kwaya, na wote tulichota kwenye bomba moja lililokuwa halikauki. Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba maji ni kitu kinachotoka bombani kama moshi unavyotoka jikoni. Nilipopangiwa kazi Handeni, mama yangu alinifungia nguo, vitumbua, na kidumu cha maji. Nilimcheka. Kidumu kile niliishi nacho kama ndugu.

Siku ya kwanza nilipofika karakana mlinzi alinielekeza jikoni. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa hajawahi kuona mwanamke akija pale kwa kazi nyingine. Nikamwambia mimi ni fundi mpya wa pampu. Akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, akaninyooshea kidole kwa mzee mmoja aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakata ngozi ya ng'ombe kwa kisu kifupi. Huyo ndiye Mzee Shemboza.

Alikuwa Msambaa wa Lutindi, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua la Handeni lilipokuwa linapasua mawe. Nikamwamkia. Akaitikia, akanipa kisu. "Kata," akasema. Nikakata. Akaitazama kazi yangu, akaitupa. "Kata tena."

Zilikuwa washa, zile za ngozi zinazokaa ndani ya silinda ya pampu na kuyasukuma maji juu. Siku hizi mnaletewa za mpira kwenye pakiti, mnachana tu. Sisi tulinunua ngozi kwa Wamasai, tukaichagua kwa kuipinda na kuinusa, tukaikata, tukailoweka kwenye mafuta mpaka ikalainika. Mzee alisema ngozi ya ng'ombe aliyekufa kwa njaa haifai, maana hata akiwa amekufa bado anakunywa maji yako. Sijui kama ni kweli kitaalamu. Najua washa zake zilidumu.

Jioni ile nilitaka kumbebea sanduku lake la spana. Akalivuta. "Hili langu. Kesho tutakutafutia lako." Nilidhani ameudhika. Baadaye nikaelewa kwamba kwa Mzee Shemboza kumbebea mtu chombo chake cha kazi ni kumwibia kazi.

Kitu kilichomtofautisha na mafundi wote niliowaona kilikuwa neno moja. Tulikuwa tunafika kijijini, pampu imekufa, kina mama wamepanga ndoo tangu alfajiri. Mzee anafungua, anatengeneza, anafunga, maji yanatoka, vigelegele vinapigwa. Fundi mwingine hapo ananawa mikono na kuuliza kama kuna kuku. Mzee yeye alivuta ndoo yake, akakaa, akawaambia wenyeji, "Fungueni."

Mara ya kwanza nilifikiri ni mzaha. Ilikuwa wao waifungue yote upya, waivute juu, waitazame, wairudishe kwa mikono yao, yeye amekaa tu. Watu walinuna. Na kwa kuwa Wazigua na Wasambaa ni watani, hawakumwonea haya.

"Msambaa wewe mchoyo," bibi mmoja alimwambia. "Umetupa maji, roho imekuuma, sasa unayarudisha chini."

"Hii niliyofunga mimi ni pampu yangu," alijibu. "Nikiondoka naondoka nayo. Fungeni yenu."

Na hakuinuka mpaka wamefunga. Tulilala njaa mara nyingi kwa sababu ya neno lile. Nilinung'unika, sitawaficha, lakini nilianza kugundua kwamba vijiji alivyopita Mzee havikuwa vinatuita kwa vitu vidogo. Fundi hodari anajulikana kwa anavyoitwa kila mahali. Huyu alitaka asiitwe. Sijawahi kumheshimu mtu kazini kama nilivyomheshimu yeye, na sababu ni hiyo.

Sasa niwaeleze jambo la kiufundi kidogo kabla ya kuendelea, hata kama mnalijua, maana barua hii huenda ikasomwa na watoto wenu. Pampu ya mkono ya kisima kirefu ina mabomba mengi yaliyoungana, yananing'inia chini kisimani. Ukitaka kufika kwenye silinda unayavuta juu na kufungua bomba moja baada ya jingine. Kila unapofungua moja, yote yaliyo chini yake yanashikiliwa na kibano kimoja cha chuma mdomoni mwa kisima. Kibano kikiteleza, yote yanatumbukia, na kisima kinageuka kaburi la mabomba.

Mzee alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu tulipoletewa habari hiyo hasa. Mtu alikuja kwa baiskeli kutoka kijiji kimoja cha upande wa Sindeni, kijiji ambacho Mzee alikuwa amekifundisha mwenyewe. Mabomba yote yameanguka. Wanawake wamerudi kuchota kwenye lambo, na lambo lenyewe ng'ombe wameshalifanya tope.

Mhandisi wetu wakati ule alikuwa Bwana Laurenti. Alikuwa mtu mwema, na alimpenda Mzee kama baba yake. Ndiyo maana ilimuuma kusema aliyoyasema.

"Mzee, mtambo wa kuchimba kisima tunausubiri mpaka tunaota mvi. Siwezi kuruhusu vijiji viendelee kuharibu. Kama mabomba haya hayatoki, nitatoa agizo: mwanakijiji asiguse pampu, aite fundi. Nisamehe."

"Ni haki yako," Mzee akasema.

Tuliondoka kwa gari pamoja na mhandisi, Mzee akitazama dirishani. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira. Mtu huyu hakuwa na jiwe la msingi lenye jina lake popote, hakuwa na cheti ukutani. Kazi yake yote ya miaka yote ilikuwa neno "Fungueni", na sasa lilikuwa linakwenda kufutwa kwa karatasi moja, tena kwa sababu nzuri.

Tulikuta wanawake wamekaa kuzunguka kisima. Pembeni, peke yake, alikaa msichana aliyejifunika kanga mpaka usoni. Kiongozi wao, Bi Mwanaidi, mama mpana mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, ndiye aliyetueleza. Pale kwao, bibi harusi akishatolewa nje, wakwe zake wanampeleka kuchota maji. Zamani walimwonyesha njia ya lambo. Tangu wapate pampu, wakaona njia haina maana tena.

"Tukasema, huyu sasa ni wa hapa, maji haya ni yake," Bi Mwanaidi alisema. "Basi aifungue kwanza pampu mwenyewe, aifunge, ndipo achote. Kila mke anayeingia tunamfanyia hivyo. Wewe si ndiye ulisema aliyefunga ndiye mwenye pampu?"

Mzee Shemboza akakaa juu ya ndoo. "Nani aliwaambia mfanye hivyo kwa maharusi?"

"Nani atuambie? Tumeamua wenyewe."

Niliona anaikamata kofia yake kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa itapeperuka. Alikuwa amewafundisha kutengeneza pampu. Wao wakaifanya harusi.

Mama mkwe wa yule msichana akanong'ona kwa sauti iliyotosha kusikika na wote kwamba mke huyu ana mguu mbaya, ameingia na nuksi, na ni heri arudishwe kwao. Mzee akajifanya hakusikia. Akamwita bibi harusi. Jina lake lilikuwa Zaituni.

"Shikamoo, mzee," alisema chini ya kanga.

"Marahaba. Kibano ulikibana wewe?"

"Mimi."

"Uliacha kukaza wapi?"

"Mikono iliponiuma."

Mzee akakiokota kibano, akapitisha kidole kwenye meno yake, akanusa. Akanipa mimi, nami nikanusa. Mafuta ya nazi. Bibi harusi alikuwa ametoka kusingwa na kupakwa mafuta mpaka viwiko, na kila bomba aliloshika alilipaka. Kibano kilikazwa barabara, lakini juu ya mafuta.

"Bibi harusi hana kosa," Mzee alitangaza. "Mmemng'arisha sana."

Bi Mwanaidi akaanza kucheka, na wengine wakafuata, isipokuwa mama mkwe na Bwana Laurenti, ambaye bado alikuwa anatazama shimo.

Tulirudi karakana kutengeneza chombo cha kuvulia. Mzee alichukua kipande cha bomba pana, akachomelea ndani yake ndimi za chuma alizozikata kwenye springi ya lori, zimeinamia ndani na kutazama juu. Ukikishusha kisimani kinameza kichwa cha bomba lililoanguka. Ukikivuta, ndimi zinakwama chini ya kiungo. Tulikiita mdomo wa kambare. Alikijaribu mara nyingi juu ya meza, akikimezesha kipande cha bomba na kukinyang'anya, mpaka Bwana Laurenti mwenyewe akavua shati na kuja kumshikia tochi ya kuchomelea.

Tukarudi na magogo matatu, kapi na kamba. Mara ya kwanza mdomo ulipanda mtupu. Mama mmoja alichukua ndoo yake akaelekea lamboni. Mara ya pili Mzee aliushusha polepole, kiganja juu ya bomba, macho amefumba, akaugeuza kidogo, akaugeuza tena. Akasema, "Umeng'ata. Vuteni."

Wanawake wakavuta, wanaume waliokuwa wanatazama kwa mbali wakaja kuvuta, mhandisi akavuta. Kichwa cha bomba la kwanza kikachungulia. Hapo sasa ndipo pa kubana kibano, na wote tulijua kwamba likianguka tena halitavuliwa.

"Zaituni yuko wapi?" Mzee akauliza.

Bwana Laurenti akageuka. "Mzee, leo si siku ya kufundisha."

"Ndiyo yenyewe."

Walitazamana. Kamba ilikuwa inakata mikono yetu na nilitamani mmoja wao aseme chochote haraka. Mhandisi akapangusa jasho. "Basi viwe viwili," akasema. Akaenda kwenye gari, akarudi na kibano kingine. "Kimoja kikishindwa, cha pili kishike."

"Hilo ni neno," Mzee akasema. "Hilo sikuliwaza."

Bi Mwanaidi akachukua majivu kutoka kwenye jiko la jirani, akamsugua yule msichana mikono mpaka ikawa mieupe. Zaituni akatupa kanga begani. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso. Alikuwa ameuma mdomo. Akabana kibano cha kwanza, akabana cha pili, akasimama juu ya spana kwa uzito wake wote. "Legezeni," Mzee alituambia. Tukalegeza kamba. Mabomba yote yakaning'inia mikononi mwa msichana yule. Hayakusogea.

Alibana mpaka bomba la mwisho. Kabla ya adhana ya alasiri maji yalikuwa yanatoka, na mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtwika ndoo. Agizo halikuandikwa. Bwana Laurenti badala yake alihakikisha kila kijiji kinapata vibano viwili, na ninyi mnavikuta stoo mpaka leo mkidhani ni kawaida ya dunia nzima.

Mzee alistaafu, akarudi Lutindi kwenye kahawa na migomba yake. Mimi nikaendelea. Nilisema "Fungueni" mahali pengi na nikaitwa majina mengi. Nilizika wenzangu, nikafundisha wengine, magogo ya kuvutia mabomba yakabadilika kuwa ya chuma, baiskeli za wajumbe zikawa simu. Hayo mnayajua.

Mwaka wangu wa mwisho nilitumwa kukagua pampu za vijiji vya mbali kabisa, mpakani mwa wilaya, ambako sisi wa karakana hatukuwahi kufanya kazi. Pampu zao zilifungwa na watu wengine. Kijiji kimoja nilikuta umati kisimani na vigelegele. Nikapita katikati. Bibi harusi alikuwa anasuguliwa majivu mikononi. Pembeni yake, juu ya mkeka, kama vyombo vya sadaka, vimelazwa vibano viwili.

Nikashika mti wa uzio. Nikamwuliza mama aliyekuwa karibu nami ni shughuli gani.

"Tunamwonyesha mke maji. Ni mila yetu."

"Na majivu ni ya nini?"

"Kutoa mikosi ya alikotoka."

"Na vibano mbona viwili?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto wa kambini. "Kimoja cha mume, kimoja cha mke. Ndoa inashikwa na wawili. Ndivyo tulivyoikuta kwa bibi zetu."

Nikauliza bibi gani. Nikaambiwa bibi mmoja aliyeolewa pale akitokea Sindeni. Nilikuwa tayari kufungua mdomo niseme kwamba mila hii ya Kizigua imeanzishwa na Msambaa mmoja, mhandisi mmoja na chupa ya mafuta ya nazi. Nikaamua niende Lutindi kwanza.

Mzee alikuwa amezeeka sana, masikio yamepungua. Nilimsimulia nikiwa karibu na shavu lake. Nilipofika kwenye kibano cha mume na cha mke alicheka mpaka mwanawe, Yohana, akatoka ndani kuuliza kuna nini. Halafu Mzee akauliza.

"Na pampu inatoa maji?"

"Inatoa."

"Umewaambia?"

"Bado. Nataka kuwaambia. Wajue ni nani."

Akatikisa kichwa. "Usiwaambie. Wakijua kuna mtu, wataanza kumsubiri."

Nilibishana naye. Nilimwambia si haki. Akaniambia nile ndizi, zinapoa.

Alifariki mvua za masika zilipoanza. Tulimzika kando ya kahawa, majirani, kanisa, mimi na dereva wa karakana. Baada ya mazishi Yohana alinifuata nyuma ya nyumba. Alikuwa na uchungu, na hakuwa anauficha.

"Mama, baba amefanya kazi Handeni maisha yake yote. Sisi tumekua hatumwoni. Leo hajatokea Mzigua hata mmoja. Hata watani hawakuja. Mtani anakosaje kwenye msiba? Aliwafanyia nini?"

Nilitafuta maneno laini, sikuyapata, nikamwambia lililokuwepo. "Yohana, baba yako angekuwa amefanya kazi vibaya, wangejaa hapa. Wangekuwa wanamtafuta tangu siku ile alipostaafu."

Siku ya arobaini aliponikuta tena aliniomba nimpeleke akaone.

Tulikwenda wiki iliyopita, kwa gari la kukodi, mpaka kile kijiji cha mpakani. Asubuhi, foleni fupi, pampu inafanya kazi. Yohana alisimama anaitazama, mikono nyuma, kama alivyosimama baba yake. Mama aliyekuwa anapampu akaniuliza mgeni wangu ni nani. Jina lilikuwa limefika mdomoni.

"Ni Msambaa tu," nikasema. "Wa Lutindi. Anapita."

"Msambaa?" Akaacha kupampu, akaweka mkono kiunoni. "Kwenu maji yanateremka yenyewe mlimani, umekuja kutumalizia haya ya kuvuta kwa mikono?"

"Nimesikia ni matamu, mtani," Yohana akajibu.

"Matamu, ndiyo. Tumeyafunga wenyewe." Akasuuza kikombe, akakijaza, akampa kwa mikono miwili.

Akanywa chote. Kisha akaomba kingine.